Vipande vya Bahari Ipogolo

Ipogolo hakuna bahari. Wasomaji wa huku hawahitaji kuambiwa hivyo, lakini kitabu hiki kitawafikia pia washarika wa mbali, kwa hiyo tuanzie hapo. Sisi tuko chini ya mji wa Iringa, pale ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inakutana na ile inayopanda mlima kuingia mjini. Kutoka kwetu hadi pwani ni karibu kilomita 500. Tulicho nacho ni Mto Ruaha Mdogo, daraja, mchanga kidogo kandokando ya maji, malori yasiyokwisha, na baridi ya Juni na Julai ambayo wageni wa Dar huanza kuilalamikia kabla hawajamaliza kuitikia "kamwene" yetu.

Hata hivyo, kwa miaka kadhaa sasa sisi wa jumuiya moja ya usharika huu tumekuwa tukiacha vipande vidogo vya makombe ya baharini mahali ambapo mtu tusiyemjua anaweza kuviona na kuvichukua. Vingine tunaviweka juu ya mawe kando ya mto, wanakopumzika wachimba mchanga na watu wanaoosha pikipiki. Vingine tunaviacha kwenye benchi la mama lishe mmoja aliyetupa ruhusa, au juu ya ukuta mfupi ambapo abiria hukaa na mizigo yao wakisubiri gari. Havina maandishi. Hatuombi chochote. Tumetakiwa tueleze hapa jambo hili limeanzaje na linahusianaje na imani, na tumekubali kwa sababu maswali yamekuwa mengi, na baadhi yake ni ya haki kabisa.

Lilianza kwa mama mmoja kati yetu. Hatutamtaja jina, naye ameomba hivyo. Ana kijana wa kiume ambaye baada ya kumaliza kidato cha nne alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akawa machinga, akiuza soksi na mikanda barabarani. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili jioni. Mara mbili au tatu alituma kifurushi kwa basi. Katika kifurushi cha mwisho kulikuwa na dagaa wakavu, kandambili mpya za mama yake, na ndani ya kandambili moja, kipande cha kombe la bahari, nusu tu, jeupe nje na lenye rangi ya waridi kwa ndani. Hakueleza ni la nini. Labda aliliokota ufukweni siku ya mapumziko akalipenda. Baada ya hapo simu yake haikupatikana, na hadi leo tunapoandika haijapatikana.

Sisi tulifanya yale ambayo jumuiya hufanya. Tuliomba. Kila Jumamosi asubuhi, kila nyumba tuliyokutana, jina la kijana yule lilisomwa pamoja na wagonjwa na wafiwa. Mjomba wake alikwenda Dar mara mbili, akauliza kituo cha polisi, akazunguka Kariakoo na picha mkononi. Mwaka wa kwanza tuliomba kwa sauti kubwa. Mwaka wa tatu jina lilisomwa harakaharaka, na wengine walianza kuangalia chini lilipofikiwa. Kila anayekaa katika jumuiya anajua hali hiyo: ombi ambalo halijajibiwa huanza kuwa kama deni ambalo hakuna anayetaka kulitaja mbele ya mwenye nalo.

Siku moja yule mama mwenyewe alisema tulisome jina kimoyomoyo, tusilisome tena kwa sauti. Tukamwuliza kama amekata tamaa. Akasema hapana, ila amechoka kuulizwa kila Jumapili mlangoni mwa kanisa, "Amepiga?" Kisha akasema maneno ambayo tumeyajadili mara nyingi tangu hapo: "Huko aliko yeye ni mgeni. Na hapa kila siku wanapita wageni ambao ni watoto wa wenzangu. Mimi nataka nifanye kitu kwa hawa."

Kwa kawaida mtu akisema hivyo sisi tunafikiria chakula, na chakula tulitoa. Lakini yeye alikuwa na jambo lake. Miezi michache kabla ya hapo kwaya yetu ilikuwa imekwenda kuimba Bagamoyo, na wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuikanyaga pwani. Asubuhi moja, maji yalipokuwa yamekupwa, tuliokota makombe hadi khanga zikajaa. Mwenyeji wetu, mzee mvuvi, alitukuta tukifurahi namna hiyo akatupunguzia furaha. Alituonyesha kaa wadogo ambao Mungu hakuwapa ganda gumu la kutosha mwili wote. Hao huishi ndani ya maganda ya konokono wa baharini waliokufa, na wakikua huhamia ganda kubwa zaidi. "Mkichukua mazima yote," alisema, "hawa watalala wapi?" Alituambia pia kwamba yako maeneo ya hifadhi ambako kuchukua kitu chochote cha baharini ni kosa kwa sheria. Basi tukayarudisha mazima, tukabaki na yaliyovunjika. Tulirudi Iringa na mfuko wa vipande vya makombe, na kusema kweli hakuna aliyejua vina kazi gani. Mfuko ulikaa chini ya meza ya mwalimu wa kwaya.

Yule mama aliuomba mfuko ule.

Kazi yenyewe ni ndogo, lakini ina ufundi wake, na tunaieleza kwa sababu watu wa jumuiya nyingine wametuuliza. Kombe la bahari karibu lote ni chokaa. Ukilidondoshea siki hutoa povu, na watu wa pwani tangu zamani wamechoma matumbawe na makombe kupata chokaa ya kujengea. Kwa hiyo usilisafishe kwa kitu kikali. Tunalichemsha kidogo, tunalisugua kwa mswaki wa zamani, kisha tunapunguza ncha zenye makali kwa msasa uliolowekwa maji ili vumbi lisipande puani, maana vumbi lile si zuri kwa mapafu. Tundu linatobolewa na seremala wetu kwa kekee ndogo, taratibu, kipande kikiwa ndani ya sahani ya maji. Ukitumia msumari na nyundo unapata vipande viwili badala ya kimoja. Mwisho tunapitisha kamba nyembamba ya milulu, ile ile ambayo kina mama wa Iringa wanasukia vikapu. Ukubwa ni wa ukucha wa kidole gumba, au zaidi kidogo. Kwa Jumamosi moja, kati ya ibada na chai, tunaweza kumaliza vipande 20.

Halafu tunaviweka. Kanuni ni moja tu: ukishaweka, ondoka. Usikae kuangalia nani anachukua. Kanuni hiyo ilitoka kwa yule mama, na ndiyo iliyotuletea shida zaidi kuliko kutoboa makombe.

Maana sisi ni watu tuliozoea kujua. Bahasha zetu za sadaka zina namba. Ahadi za ujenzi zinasomwa kwa majina, na mtu ambaye jina lake halikusomwa atamfuata mhasibu kabla ya baraka ya mwisho. Hatusemi kwamba ni vibaya. Paa la kanisa letu limesimama kwa namba hizo. Lakini Bwana Yesu alisema jambo gumu kuhusu mkono wa kushoto na mkono wa kulia katika kutoa, na wengi wetu tulikuwa tumelihubiriwa zaidi ya mara kumi bila kupata hata kazi moja ndogo ambamo tungeweza kulijaribu. Unapomwachia kitu mtu ambaye humjui, hutamwona, wala hatakuona, unagundua jinsi moyo ulivyo na njaa ya kuonwa. Mzee mmoja kati yetu alisema wazi kwamba kipande chake cha kwanza kilimnyima usingizi. Hakusumbuliwa na thamani yake, kwa kuwa hakina thamani yoyote. Alitaka tu kujua kama kimepata mtu.

Kisha likaja suala la uchawi, na hapa tunaomba wasomaji watuvumilie, kwa kuwa ndilo lililotikisa jumuiya.

Kila mtu aliyekulia huku anajua kwamba kitu kilichoachwa njiani si kitu cha kuokota. Njia panda hasa. Watoto wetu tumewafundisha: ukikuta yai, shanga, kitambaa chekundu au sarafu njia panda, pita mbali, hilo ni kafara la mtu, amelitupa pale ili shida yake imwingie atakayeliokota. Na Ipogolo ni nini kama si njia panda kubwa? Tena simbi, yaani yale makombe madogo ya mviringo ambayo wapwani huyaita kauri, waganga wa kienyeji wengi huyatumia katika ramli. Mtu akiyaona hafikirii bahari, anafikiria mganga.

Sisi tulilijua hilo tangu mwanzo, na ndiyo maana hatukuweka hata kipande kimoja makutanoni, wala mlangoni mwa mtu, wala karibu na makaburi. Hatukutumia nyuzi nyekundu, nyeusi wala nyeupe. Tuliweka mchana. Hata hivyo kijana mmoja wa bodaboda aliokota kipande kando ya mto, akakifunga kwenye usukani wa pikipiki yake, na wiki iliyofuata akaugua homa kali. Ndugu zake waliikata kamba, wakakitumbukiza chooni, wakaenda kwa mzee wa kanisa kuuliza kama ni kweli kwamba watu wa kanisa ndio wanaosambaza vitu vile.

Mzee alituita. Ni mtu wa haki, na alizungumza kwa upole. Hakutuambia kwamba tunafanya uchawi. Alisema hivi: mtu maskini akiokota kitu kisicho na mwenyewe njiani, anaogopa, na kama anaogopa, zawadi yako imemfikia kama tisho, hata kama wewe moyo wako ni safi. Zawadi haijakamilika mpaka aliyeipokea aweze kuipokea bila hofu. Mkitaka kutoa, alisema, toeni kwa mkono, kwa jina la Yesu, mtu awaone usoni.

Tulikaa kimya muda mrefu baada ya maneno hayo. Mchungaji akashauri tuweke msalaba juu ya kila kipande, au jina la usharika, ili hofu iondoke. Wengi tulitaka kukubali, kwa sababu ingekuwa rahisi. Aliyepinga ni yule mama. Alisema katika mabasi yale wamo Waislamu, na wamo watu waliogombana na kanisa lao, na yumo labda kijana anayemkimbia mama mwenye kuomba sana. Akiona msalaba atajua ni kanisa linamwita, na atakiacha pale. "Mimi sitaki kumwita," alisema. "Nataka tu apate kitu."

Tulirudi kwenye Biblia, tukatumia Jumamosi tatu nzima juu ya jambo hili, na tukakuta liko karibu zaidi kuliko tulivyodhani. Sheria ya Musa katika Mambo ya Walawi inamkataza mkulima kuvuna shamba lake hadi kwenye pembe zake. Masazo aache, na zabibu zilizoanguka aziache, kwa ajili ya maskini na mgeni. Sisi wakulima tuliisoma tena kwa macho ya wakulima. Mwenye shamba haambiwi amtafute maskini, amwandikishe, ampe mbele ya watu. Anaambiwa aache, kisha aende zake. Maskini atakuja kwa wakati wake, ataokota kwa mikono yake mwenyewe, na hatakuwa na wa kumpigia magoti. Halafu kuna kitabu cha Ruthu. Boazi aliona kwamba masazo ya kawaida hayatoshi, akawaagiza vijana wake wachomoe shayiri kidogo kutoka kwenye matita na kuiangusha makusudi, wasimkemee yule mgeni atakapoiokota. Hata yeye, mtu mwenye mali na heshima, alipotaka kumpa mwanamke mgeni zaidi alipitia njia ya kuangusha chini. Angeweza kumjazia kikapu mbele ya wavunaji wote.

Tulipomsomea mzee sehemu hizo alitabasamu akasema shayiri inaliwa. Mpaka leo hajakubaliana nasi kabisa, na tunamheshimu kwa hilo. Hoja yake kuhusu hofu ni hoja nzuri kuliko baadhi ya majibu yetu. Tulichofanya ni kukubali nusu yake. Simbi zote, zile za mviringo zinazofanana na za ramli, tumeziondoa. Tunatumia vipande tu, na hasa vile ambavyo upande wa ndani bado unang'aa, ili mtu aone kwamba ni pambo. Tumemwomba mama lishe aseme, akiulizwa, kwamba ni vya bure na vimeachwa na watu wa hapa, bila kutaja nani. Yule kijana wa bodaboda tulikwenda kumwona. Vipimo vilionyesha malaria, alitumia dawa akapona, na anatusalimia vizuri. Kipande kingine hakutaka.

Kuna jambo jingine ambalo tulijifunza katika kubishana huku, na linahusu makombe yenyewe. Tulidhani tumebuni kitu kipya. Kumbe vipande vya bahari vimepanda kuja bara kwa muda mrefu sana, na historia yake si safi. Katika karne ya 19 misafara kutoka pwani ilibeba simbi na shanga kama vile sisi tunavyobeba noti. Buganda simbi zilikuwa fedha halisi. Wafanyabiashara wa Hamburg walizipakia kwa meli kutoka Zanzibar kwenda Afrika Magharibi kununulia mawese, na walizipeleka nyingi mno kiasi kwamba thamani yake kule iliporomoka.

David Livingstone, ambaye wengi wetu tunamjua kwa jina tu, aliandika habari moja ambayo mwalimu wa kwaya alitusimulia. Mwaka 1854, Januari, alikuwa kwa chifu Shinte wa Walunda, katika eneo ambalo leo ni kaskazini-magharibi mwa Zambia, mbali na bahari zote mbili. Chifu aliingia hemani kwake, akafunga mlango ili watu wake wasione, akatoa ushanga na kipande cha mwisho wa kombe la bahari lenye umbo la pia, akamvika mgeni shingoni kama ushahidi wa urafiki. Wenzake wakamweleza Livingstone thamani yake: kwa vipande viwili vya namna ile ungeweza kununua mtumwa mmoja, na vitano vilikuwa bei nzuri ya pembe ya ndovu yenye thamani ya pauni 10.

Habari ile ilitunyamazisha. Kitu kile kile, ukubwa ule ule unaotosha kiganjani, kilikuwa zawadi ya siri kwa mgeni na kilikuwa nusu ya bei ya binadamu. Tulikumbuka mnara wa misheni ya zamani tulioonyeshwa Bagamoyo, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kwa miezi kama tisa kutoka Chitambo. Njia zile zile zilikuwa zimepitisha watu waliofungwa minyororo. Mmoja wetu aliuliza kama basi si afadhali tuache kabisa makombe, tutumie mawe ya mtoni. Yako mengi na hayana historia. (Hilo nalo si kweli kwa mtu wa Iringa. Isimila, kilomita chache kutoka hapa kwenye barabara ya Mbeya, yamejaa mawe yaliyochongwa na watu wa kale sana, na wataalamu walichimba pale mwaka 1957 na 1958.) Mama yule alijibu kwamba kama kombe liliwahi kuwa bei ya mtoto wa mtu, basi ni vizuri sasa lipite bure. Hatukuwa na la kuongeza.

Watu wa nje nao wanafanya mambo ya jinsi hii. Mwaka 2015 mama mmoja wa Marekani, Megan Murphy, alianza kuandika maneno ya kutia moyo juu ya mawe na kuyaacha kwenye fukwe za Cape Cod, na desturi hiyo imeenea nchi nyingi. Binti mmoja wa shule ya Jumapili alituonyesha picha kwenye simu, tukafurahi. Lakini hatukuiga maandishi. Kwetu hapa mtu akikuta maandishi anatafuta namba ya simu ya kutuma pesa.

Je, tumewahi kujua kipande kimefika wapi? Mara chache, na kila mara kwa bahati. Utingo wa lori la kwenda Zambia alimwambia mama lishe kwamba dereva wake amekifunga kwenye kioo cha ndani na wamekipitisha Tunduma na kurudi. Mtoto wa miaka kama minne alikiweka mdomoni, mama yake akakitupa mtoni kwa hasira, na tunamwelewa. Tangu hapo vile vidogo sana hatuviachi kwenye ukuta wa abiria. Mara moja tulikuta kwenye jiwe letu, mahali pa kipande, ndizi moja. Tuliijadili ndizi ile Jumamosi nzima, kama ni shukrani au ni mtu aliyesahau chakula chake. Watoto waliila kabla hatujafikia uamuzi.

Vingi vinachukuliwa na maji. Mvua zikianza, Ruaha Mdogo unapanda juu ya mawe yale, na ukishuka hatukuti kitu. Seremala wetu, ambaye anapenda ramani, alitueleza vinakokwenda. Mto wetu unaingia Ruaha Mkuu, unafika Mtera, unashuka Kidatu, unajiunga na Rufiji, unapita kwenye bwawa jipya la Julius Nyerere, na mwisho unaingia Bahari ya Hindi mkabala na Mafia. Alisema kwa akili ya kawaida kipande cha kombe kitazama kwenye tope la Mtera na kubaki huko. Lakini maji yenyewe yanafika. Mhubiri anazungumza juu ya kutupa chakula juu ya maji na kukiona tena baada ya siku nyingi, nasi tuliwahi kuomba sana juu ya sura hiyo, kila mtu akifikiria kitu kimoja bila kukisema.

Tunaulizwa kama tunaamini kwamba kwa sababu ya vipande hivi Mungu atamrudisha yule kijana. Hapana. Hatujamwekea Mungu mtego wa makombe. Hili tunalisema kwa nguvu kwa sababu limeenea hubiri linalofundisha kwamba ukipanda hapa lazima uvune pale, na kwamba sadaka ni mbegu yenye tarehe ya mavuno. Mama yule aliwahi kuambiwa na mhubiri mpita njia kwamba akitoa kiasi fulani mtoto atapiga simu kabla ya mwezi kwisha. Alitoa. Mwezi uliisha. Anachofanya sasa hakina tarehe, na labda ndiyo sababu ameweza kukifanya muda mrefu hivi. Jina la kijana bado tunalisoma kimoyomoyo kila Jumamosi, baada ya wagonjwa. Tunajua limefikiwa kwa sababu chumba kinanyamaza, na sasa hakuna anayeangalia chini. Watu wanaendelea kusugua vipande.

Mwaka jana mama alisafiri kwenda Dar es Salaam kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Alituomba vipande saba. Aliporudi alitusimulia harusi, pilau, joto, foleni ya Kimara, na jinsi alivyopita Kariakoo akiangalia kila kijana mwenye mikanda mkononi. Siku ya mwisho wapwa zake walimvusha kwa pantoni hadi Kigamboni, na pale ufukweni, kwenye mstari ambapo mawimbi huacha takataka zake, akaviweka vipande vyetu saba mchangani, kimoja kimoja, akiwa ameziondoa zile kamba za milulu.

Tulimcheka kidogo. Ufukwe mzima umejaa makombe yaliyovunjika, maelfu kwa maelfu. Umekwenda kuongeza saba? Nani atajua kwamba hivyo ni vya kuokota?

"Vina tundu," akasema.